Masika ya Chumvi na Umeme

Alhamisi, 20 Machi 2025

Nimetoka kusomesha skuli saa nane, nimefunga, kichwa kinauma, nikafungua simu nikakuta barua pepe ya Mjerumani. Anaitwa Jonas. Ana kampuni ndogo Hamburg inayotoa upya santuri za zamani. Anauliza kama mimi Ulfat ni mtoto wa Kheir Msabah aliyekuwa akipiga gitaa katika bendi ya Mawimbi Saba. Anasema mwaka huu santuri yao, Chumvi na Umeme, inatimiza miaka hamsini, naye anataka kuitoa tena kwa heshima zote: santuri mbili badala ya moja, kitabu cha picha ndani yake, na vipande ambavyo hajapata kuvisikia mtu. Kanda za siku walizorikodi kazipata Nairobi, kwa mjane wa fundi mitambo wao.

Nimemsomea Baba. Amesikiliza kwa sikio la kushoto, la kulia halimsaidii tena.

"Wajerumani walitujengea nyumba," amesema, akimaanisha haya majumba ya Michenzani tunayokaa, "sasa wanataka na nyimbo."

Kisha akasema yeye hazungumzi habari za magitaa ndani ya Ramadhani. Nimjibu mwenyewe kistaarabu, asubiri Iddi ipite.

Lakini alasiri nimemwona kwenye kiti chake cha dirishani, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya paja.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Sisi tuko ghorofa ya juu kabisa, na dari limeanza kuvuja palepale lilipoachia mwaka jana. Ndoo mbili ukumbini.

Jumatatu, 31 Machi, Iddi

Mzee Wakil kaja kutoka mtaa wa Malindi kutupa mkono wa Iddi. Alikuwa mpiga ngoma wao. Wanaume wa bendi wamebaki yeye na Baba tu. Nimewaekea biskuti na kahawa, wakaanza Nairobi ya mwaka 1975, siku tatu ndani ya chumba kisicho dirisha. Baba aliligeuza gitaa la umeme likavuma kama mashine ya kusaga, mpaka mwenye duka la chini akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Baba akamfungulia mlango, akamwambia, "Kuna roki, bwana."

Wamecheka mpaka Mzee Wakil kakohoa. Mama alipokuwa hai alikuwa akiondoka ukumbini hadithi hii ikianza. Ana miaka mitatu tokea atutoke, na mimi nimejikuta nimekaa mahala pake, naisikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi, 3 Aprili

Jonas ana furaha kama mtoto. Maswali kumi na moja kwa mara moja. La tisa ndilo kubwa: "Nani huyu mwanamke anayeimba? Katika jalada kuna majina saba, yote ya wanaume. Bila ya jina lake na idhini yake ya maandishi siwezi kutoa kanda mpya. Nayataka kabla ya tarehe 15 Mei."

Jawabu ninalijua tokea utotoni. Ni Bi Sichana wa Makunduchi. Wazee wake walikuwa wakali, akamuomba Baba asiliweke jina lake. Nimemuuliza Baba tena, ili niwe na hakika.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka," amesema. Hakuniangalia, alikuwa akikaza nyuzi za gitaa.

Nimemuandikia Jonas hivyo hivyo. Nikaongeza kuwa Baba alimstahi, akamfichia siri yake miaka hamsini. Niliona fahari kuandika.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Darasa la Form Two nusu hawakuja.

Jumamosi, 12 Aprili

Jonas kaleta sauti za kanda, dakika arubaini. Baba alikuwa msikitini kwa sala ya alasiri. Nikavaa hedifoni nikakaa mezani na daftari, ili nimuandikie Jonas wanasema nini baina ya nyimbo.

Mwanzo vicheko, nyuzi zinakazwa, Mzee Wakil anagonga ngoma, mtu anamwambia aache. Kisha wimbo, ambao naujua kama sura yangu. Kisha wanasimama, na fundi anauliza kwa lafudhi ya bara: "Majina ya jalada atayaleta nani?"

Sauti ya Baba, nyembamba, ya kijana wa miaka ishirini na tano: "Mimi. Nitayaleta yote."

Halafu sauti ya mwanamke. Nitaandika alivyosema, neno kwa neno, maana nimeirudia mara sita:

"Langu uliandike vizuri, Kheir. Sichana Usi Simai. Usiandike Sichana peke yake. Mama kaanza kisomo cha watu wazima, kashafika kwenye kuunganisha herufi. Nnataka ajisomee mwenyewe."

Na Baba: "Litaandikwa, Sichana. La mwanzo kabisa."

Halafu Mzee Wakil anahesabu kwa vijiti, moja, mbili, tatu, na gitaa linaingia.

Baba karudi, kanikuta bado nimekaa. Kauliza kama chai ipo. Nimemwambia ipo, nikaenda kuiandaa.

Jumapili, 13 Aprili

Sikumwambia kitu. Kaniuliza mara mbili kama naumwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Baada ya skuli nimepita Malindi kwa Mzee Wakil. Nimemuuliza moja kwa moja, Bi Sichana alikataa jina lake lisiandikwe? Huko chini wapagazi walikuwa wakipakua magunia ya vitunguu, akawa anawaangalia wao.

"Muulize baba yako," kasema. "Mie nilikuwa napiga ngoma tu."

"Mnazungumza kila wiki, Mzee."

"Mambo mengine hatuzungumzi, mwanangu. Ndiyo maana tumefika mpaka leo."

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimemuweka chini. Nilimwambia, "Baba, kaa hapa, kuna kitu nnataka ukisikie," nikamvisha hedifoni.

Alipojisikia alitabasamu. Nani asingetabasamu, kujisikia kijana? Halafu sauti ya Bi Sichana ikaingia. Nilijua imeingia kwa sababu tabasamu lilibaki palepale lakini macho yaliondoka. Kipande kilipokwisha akavua hedifoni, akaipangusa kwa ncha ya shati kama aliyeichafua, akaiweka mezani.

"Nilisahau kama kanda ilikuwa inazunguka," kasema.

"Si ulisema yeye ndiye aliyekataa?"

"Nilisema."

"Miaka yote, Baba?"

"Mara ya kwanza nilisema kwa woga. Mara ya pili ikawa nyepesi. Baadaye hata sikuwa nafikiri kama nasema uongo."

Sikumuharakisha. Nje mvua ilikuwa inapungua, ndani matone yanaendelea kuanguka ndooni.

Alisema walikuwa tayari wamechumbiana na Mama. Siku moja wako Forodhani, Mama akamtania mbele ya wenzake: watu wanakwenda kumsikiliza Sichana, nyie wengine mnabeba vyombo. Wote wakacheka. Yeye hakucheka.

"Usije ukamtia mama yako katika hili," kasema. "Yeye alitania, kisha kasahau. Mie ndiye niliyekwenda nalo nyumbani. Nyimbo nimetunga mie, gitaa napiga mie, na kila tukitoka jukwaani watu wanamuuliza yeye. Nikakaa posta na karatasi nikaandika majina. Nilipofika lake nikaliruka. Yakawa sita. Bendi inaitwa Saba. Nikamtia Nadir, dereva aliyetupeleka Nairobi."

"Nadir hakuuliza?"

"Nadir alifurahi sana. Alinunua santuri tatu."

Nusura nicheke, na yeye nusura acheke, halafu hatukucheka. Nimemwambia lazima Bi Sichana atafutwe. Kasema nijuavyo mimi. Nimemwambia lazima aende yeye. Kasema mguu unamuuma.

Nilitaka nimkasirikie sawasawa. Nimeshindwa, kwa sababu aliniuliza kama nataka chai, akaenda kuipika mwenyewe, akasahau kutia majani, akaniletea maji ya moto yenye tangawizi na sukari. Nimeyanywa.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua siku tatu. Ndoo nne sasa. Baba haligusi gitaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwalimu Salhiya wa skuli yetu ni mtu wa Makunduchi na ana gari. Kanipeleka. Kwa Bi Sichana kila mtu anapajua, si kwa nyimbo bali kwa mwani. Ndiye kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaoulima.

Tumemkuta uani, chini ya paa la bati, anageuza mwani uliokataa kukauka. Mwanamke mrefu, mikono imepauka kwa chumvi. Salhiya akamsalimu kwa Kikae, lugha yao ya huko, wakasemezana nisifahamu hata nusu. Mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Mimi mtoto wa Kheir Msabah, Bi."

Akageuza mwani kwanza upande huu, kisha upande wa pili.

"Kheir wa bendi?"

"Ndiye."

"Kumbe kazaa," kasema, akanisogezea kibao nikae.

Nimemueleza yote, ya Jonas, ya miaka hamsini, ya kanda. Sikumficha alichokiri Baba. Alisikiliza bila ya kunikata. Nilipomaliza akasema wazee wake hawakuwa na ukali wowote. Mama yake ndiye aliyemfungia nguo za safari.

"Santuri ilifika hapa mwaka uliofuata," kasema. "Kaka yangu kaileta imezungushiwa kanga isiingie mchanga. Gramafoni hatuna. Ilikuwepo moja tu kijijini, ya mwalimu, na mwalimu kahamishwa. Basi Mama kaigeuza nyuma. Alikuwa ameshajua kusoma. Kaweka kidole, kasoma jina moja moja, yote saba. Kamaliza, kaanza tena juu. Halafu kanitizama, kaniuliza, 'Sichana, ulikwenda Nairobi kufanya nini?'"

Akachukua fungu jingine la mwani.

"Nikamwambia nimeimba. Kaniambia, 'Mbona dereva yumo?'"

"Hukumuimbia, Bi? Ili ajue?"

"Nilimuimbia mpaka sauti ikakauka. Lakini angejuaje kama hiyo ndiyo iliyomo ndani ya santuri?" Akakung'uta mikono. "Alifariki mwaka wa themanini na moja. Hatukulizungumza tena."

Nilimuomba idhini, kwa aibu. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefanyiwa.

"Sauti nilishaitoa, mwanangu. Jina sikulitoa mie. Aliyelitoa aje mwenyewe."

Alitufungia mihogo na nazi mbili, tukaondoka.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemueleza Baba maneno ya mama yake Bi Sichana, na kuwa idhini haipatikani mpaka aende yeye mwenyewe. Nilidhani atajitetea. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Mihogo hakula.

Jumanne, 29 Aprili

Mguu bado.

Ijumaa, 2 Mei

Leo si mguu, ni barabara. Kasikia redioni imekatika kwa maji. Nimempigia Salhiya, barabara haijakatika.

Jumatatu, 5 Mei

Jonas anauliza. Nimemjibu "tunaendelea". Nimewaza kumuandikia kuwa Baba amekataa, kila kitu kife. Halafu nimemuona Baba kwenye kioo cha kabati anajaribu kanzu, anaivua, anaikunja. Sikuandika.

Zamani nilikuwa nikidhani Baba ni mtu asiyeogopa kitu. Alipanda majukwaa, alistaafu bandarini bila ya kumbembeleza mkubwa yeyote. Kumbe anamuogopa bibi mmoja wa miaka sabini anayeanika mwani. Ajabu yake, nampenda zaidi sasa, na nimemkasirikia zaidi pia. Vyote viwili vinakaa.

Jumamosi, 10 Mei

Kwenye chai ya asubuhi kasema, "Mpigie mwenzako wa gari." Basi.

Mvua tokea Michenzani mpaka Makunduchi. Baba kakaa mbele, mwavuli katikati ya magoti. Alipofika mlangoni kagonga kwa ncha ya mwavuli.

"Hodi."

"Nani?"

"Kheir."

"Kheir gani?"

Nilikuwa nyuma yake. Niliona mabega yanapanda na kushuka.

"Kheir Msabah. Niliyekuondoa kwenye jalada."

Mlango ukafunguka. Bi Sichana akasema, "Ingia, utarowa."

Wakakaa, yeye mkekani, Baba kwenye kiti kwa sababu ya mguu, ambao kwa kweli unauma. Baba akasema yote. Hakumtaja Mama. Alisema, "Niliona kijicho." Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi aliseme tena kwa sauti kubwa, "Niliona kijicho, Sichana." Nafikiri hata jirani alisikia.

"Ulikuwa unajua Mama anajifunza kusoma?" Bi Sichana akamuuliza.

"Nilijua. Uliniambia mwenyewe."

"Basi hilo ndilo. La wivu ningelisahau. Watu wote wana wivu."

Baba akainamisha kichwa. Hakusema samahani haraka haraka kama wanavyosema watu. Ilimchukua muda, na ilipotoka ilikuwa ndogo. Bi Sichana akasema, "Nimekusikia."

Kisha akaniomba nimsikilizishe kanda. Nilimuekea kwenye simu. Hakuwa amejisikia hata siku moja. Wimbo wenyewe aliusikiliza kama mtu anayepima mchele, anakubali hapa, anakataa hapa. Lakini ilipofika pale anaposema mama yake kashafika kwenye kuunganisha herufi, aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Aliniomba nimuoneshe pa kubonyeza, akabonyeza mwenyewe. Mara nne.

"Nna sharti," akasema mwisho. "Jina langu lote, matatu. Na hiki kipande cha maneno wakitie. Nyimbo wazipange wanavyotaka, hiki kitangulie."

Jonas alitaka nyimbo tu. Nilimuangalia Baba.

"Watu watasikia nilivyoahidi," kasema Baba.

"Watasikia."

"Wakisoma jalada la zamani wataona sikutimiza."

"Mie nimeliona miaka hamsini, Kheir. Na wao waone."

Baba kanyosha mguu, kaukunja.

"Kitangulie," kasema.

Bi Sichana alitia sahihi karatasi ya Jonas kwa herufi kubwa, moja moja, bila ya haraka.

Jumanne, 13 Mei

Jonas amekubali sharti. Anasema hajapata kukutana na santuri inayoanza hivi. Anataka Baba aandike maneno machache kwa ajili ya kitabu.

Baba kaandika ukurasa mmoja, kanipa nitafsiri. Kuna mstari unaosema: "Mwimbaji wetu alikuwa Sichana Usi Simai. Jina lake nililitoa mimi kwa wivu, nikasingizia wazee wake." Nimetafsiri kuwa jina lake halikujumuishwa wakati ule. Kaniambia nimrejeshee kwa Kiswahili atakachosoma Mjerumani. Nikamrejeshea.

"Hivyo sivyo nilivyoandika," kasema.

"Nimeilainisha kidogo, Baba."

"Nimeilainisha miaka hamsini, Ulfat. Iandike."

Nimeandika. Nimetuma siku mbili kabla ya tarehe.

Jumapili, 18 Mei

Jua nusu siku. Nimeanika magodoro.

Alhamisi, 22 Mei

Mzee Wakil kapanda ngazi zote kuja kusoma ukurasa wa Baba. Kasoma kwa miwani ya Baba. Kaurudisha, kasema, "Na mie niongeze kuwa nilijua." Nimeongeza.

Jumamosi, 31 Mei

Jonas alituma sauti iliyokamilika na picha ya jalada jipya. Nimeichapisha steshenari kwa karatasi nzito. Bi Sichana aliponipigia simu alisema tusilete kitu ila hiyo karatasi, na tuje maji yakianza kujaa, wenzake wakishatoka baharini.

Baba alivaa kanzu tokea saa kumi na mbili asubuhi, akaniuliza mara tatu kama gari inakuja.

Uani tulikuta wanawake kama kumi na tano, miguu bado ina mchanga. Hakuna aliyewaambia wameitiwa nini. Bi Sichana aliazima spika, kaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye mwenyewe alikaa pembeni na ungo wa mchele, anachagua mawe, kama shughuli si yake. Baba alikataa kiti cha mbele. Alikaa karibu na mlango, sikio la kushoto limeelekea ndani.

Nimebonyeza. Kwanza mkwaruzo wa kanda. Kisha fundi, kisha kijana anayesema atayaleta majina yote. Wanawake wakamtazama mzee aliye mlangoni, na yeye akakubali watazame. Halafu ikaingia ile sauti ya msichana, safi, haina haraka: langu uliandike vizuri, Sichana Usi Simai.

Mama anayeitwa Mwatum, ambaye amefunga mwani kamba moja na Bi Sichana kwa miaka ishirini, akachukua karatasi mkononi mwangu. Akaweka kidole kwenye jina la juu kabisa, akalisoma kwa sauti, polepole, yote matatu. Akaugeukia ungo.

"Sichana," akamuita.

Bi Sichana akainua uso.

"Naam," akasema.